Mfungo wa Wali Mweupe

Jambo la kwanza lilikuwa sauti ya mchele unaooshwa. Wuryani alikuwa sebuleni akikunja nguo, jua la saa saba mchana likiwaka, na huko jikoni mtu akawa anasugua mchele kwenye beseni, taratibu, bila haraka yoyote.

"Mas Pras, umerudi?" akamwita mumewe, Prasojo.

Alipoingia jikoni hapakuwa na mtu, na beseni lilikuwa kavu, ila palinuka maji ya mchele yaliyolala. Akacheka peke yake. Njaa hiyo, alijiambia.

Njaa alikuwa nayo ya kutosha. Wuryani, na hapa simsengenyi, alikuwa ameingia kwenye shindano la kwenye simu la kula chakula safi mwezi mzima. Harusi ya mdogo wake ilikaribia na kebaya, blauzi ya sherehe aliyoshonewa, ilikataa kabisa kufunga vifungo. Wenzake waliacha mafuta na sukari, wakaona inatosha. Yeye, kwa ubishi wake, akaacha na pilipili, mwisho akaacha hata chumvi. Akabaki na wali mweupe, tofu ya kuchemsha na maji, tena hatoki nje, asije akatamani supu ya bakso ya kibandani. Siku ya kuanza walitakiwa kutamka nia, naye akajirekodi: "Nataka niwe mwepesi. Yeyote anayeweza kunisaidia, na anisaidie."

Hapa mtaani kwetu Laweyan hata mtoto wa shule angemziba mdomo. Wazee wetu walikula hivyo hivyo, wali usio na chumvi, wamejifungia ndani, walipotaka kiumbe asiyeonekana aje awatumikie. Lakini Wuryani alifundishwa na simu, na simu haina bibi wa kuikanya.

Msaada ukaja kweli. Mwili ulipungua hadi majirani wakawa na wivu. Asubuhi alikuta wali umeshapakuliwa, akadhani ni Prasojo anamdekeza, na Prasojo akadhani mkewe anaamka mapema.

Mwezi ukaisha, akapongezwa na kundi zima. Prasojo akamletea mishikaki ya kuku, ile anayoipenda. Wuryani akatia kipande mdomoni, kikamuunguza kama kaa la moto, akakitema. Nyuma yake mtu akasonya.

"Usinitanie, Pras."

"Mimi niko mbele yako, mke wangu."

Basi akataka kutoka nje apate hewa, akaushika mlango, akaufungua, akaiona njia na paka wa jirani anajilamba juani, akainua mguu kuvuka kizingiti, na mguu ulipotua ulitua jikoni, mbele ya sahani ya wali unaofuka moshi ambao hakuna aliyeupika, akageuka mbio hadi mlangoni, akainua mguu tena, na tena ukatua jikoni, na kila alipogeuka ile harufu ya maji ya mchele ilikuwa karibu zaidi na shingo yake, mpaka akakaa chini akalia.

"Kuna mtu ananishika kisigino," alinong'ona.

"Nani?"

"Shh! Anasikia."

Prasojo alimfuata shangazi yake, Bude Suminah, mpikaji wa karamu za dua, ambaye huitwa pia kwa mambo yasiyosemwa hadharani. Mama huyo aliishia nje ya mlango, akanusa.

"Ulimwita kwa kinywa chako, mwanangu, ukafunga kwa ajili yake mwezi mzima. Sasa anakuona wewe ni wake."

"Mtoe, Bude. Nakuomba," akasema Wuryani.

"Mfungo wako haujafunguliwa. Tutakula chakula chenye chumvi, na aliyefunga ajitaje mwenyewe, aseme amemaliza na hataki kitu. Akinyamaza, atakufa humu ndani."

Alasiri mkeka ukatandikwa, majirani wakaketi kuuzunguka mlima wa wali wa manjano, mayai na kuku wa nazi. Dua ikasomwa. Bude akauliza, "Nani aliyefunga?"

Wuryani akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Shingoni pakatokea alama, moja baada ya nyingine, za vidole virefu visivyo na mwenyewe, na uso wake ukaanza kuwa mweusi huku majirani wakirudi nyuma na vikombe vya chai mikononi.

"Jitaje!" Bude alifoka. "Wuryani, jitaje!"

"Ni mimi," akasema Prasojo.

"Nyamaza, mjinga wewe! Hujui unachosema!"

"Ninajua. Mimi ndiye niliyefunga. Muacheni mke wangu."

Vidole vikaachia. Wuryani akavuta pumzi, Bude akamsukumia kipande cha yai mdomoni, na ile chumvi ikawa tamu hadi akalia kwa sauti. Akatoka mbio, miguu mitupu, akasimama njiani juani.

"Pras! Njoo, mlango uko wazi!"

Prasojo akaja hadi kizingitini. Akainua mguu, akageuka, akaingia jikoni.

Harusi ilifanyika bila Prasojo. Bude amerudia karamu mara nyingi, lakini Prasojo akiambiwa ajitaje hutazama tu pembeni, akisubiri ruhusa ya yule asiyeonekana. Wuryani analala kwa Bude, na kila mchana huenda kumpikia mumewe wali mweupe, maana sasa sahani hazijipakui tena. Aliwahi kuupenyezea chumvi kidogo kwa siri. Prasojo alitapika damu mpaka jioni, na Wuryani akaapa hatarudia.

Juzi walikaa wakitazamana juu ya ile sahani. Prasojo amekonda, mashavu yameingia ndani. Akamshika mkewe mkono, akasema polepole sana, midomo haitikisiki, "Kesho usije, Wury. Leo ameniuliza unalala wapi."

"Ukamwambia?"

"Bado."

Wuryani alilia njia nzima hadi kwa Bude. Alijua akiacha kwenda, mumewe atakufa kwa njaa. Kesho yake alikwenda.