Hesabu Vinywa, Bwana Ramzi

Ikifika Septemba, wanawake wa Bekaa, Lebanon, hukaa juu ya mapaa ya nyumba wakijaza bilingani ndogo njugu na pilipili. Huzipanga kwenye mitungi ya vioo, wakazimiminia mafuta. Hiyo ndiyo akiba ya majira ya baridi. Mwanamke asiyeweka akiba, kijiji kizima kitamsema.

Mwaka huu Widad alijaza mitungi moyo ukiwa mzito. Binti yake Lamis ana miaka mitano, na miguu yake ni dhaifu. Kila Jumatatu humpeleka kituo cha watoto, ambako hufundishwa kutembea kwa vyuma vya miguuni. Juzi walitangaziwa kwamba kituo kitafungwa.

"Bwana Ramzi wa ofisi ya misaada alituonyesha mchoro," alimwambia jirani yake Nuhad, mwalimu mstaafu wa hesabu. "Mistari miwili. Wetu uko juu, wa nchi jirani uko chini. Eti kwa miaka kumi tumepewa fedha za watoto nyingi zaidi kuliko wao. Eti sisi tumeshiba, sasa ziende kwao!"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini, Mwalimu? Mstari si uko juu?"

Nuhad akacheka. "Ala! Umejaza mitungi mingapi wewe?"

"Sitini."

"Mimi ishirini. Basi wewe ni tajiri, nigawie."

"Nikugawie nini! Wewe uko na mumeo tu. Sisi tuko kumi na wawili. Sitini haifiki hata Februari!"

Widad akauweka mtungi chini ghafla.

"Mungu wangu! Yule mtu hakuhesabu vinywa!"

"Hewaa! Gawanya fedha za kila mwaka kwa idadi ya watoto wa mwaka huo, huku na kule. Halafu muulize, hizo ni fedha zilizofika au zilizoahidiwa? Ahadi haijazi mtungi. Na bei je? Mafuta haya uliyanunua kwa bei ya miaka kumi iliyopita?"

"Usinitie uchungu, Mwalimu."

Siku ya mkutano wa wazazi ukumbini, Bwana Ramzi alileta karatasi ya kufunga kituo ili kina mama waitie sahihi. Widad, aliyekuja na Nuhad, akasimama.

"Keti, mama."

"Siketi. Mchoro wako umehesabu fedha, haukuhesabu watoto. Wako wangapi hapa? Wangapi kule?"

"Hesabu hizo ziko makao makuu."

"Na simu unayo mfukoni. Wapigie."

"Mama, unataka wenzako wa nchi jirani wanyang'anywe?"

"Wee! Watoto wao ni watoto wangu. Wasipunguziwe hata senti. Nataka hesabu ya haki, basi!"

Wanawake wakapiga makofi. Hakuna aliyetia sahihi, na hakuna aliyeondoka. Wakatoa mikate na zeituni, wakala pale pale ukumbini. Bwana Ramzi akatazama saa, akatazama mlango. Mwishowe akapiga simu.

Hesabu zilipofika, Nuhad aligeuza ile karatasi ya kufunga kituo, akachora upya nyuma yake. Alitumia fedha zilizofika tu, akalinganisha bei, akagawanya kwa watoto mwaka baada ya mwaka. Mstari wa nchi yao ulianza juu. Watoto walipoongezeka, ukashuka. Katika mwaka wa sita ukapita chini ya ule wa jirani, na haukupanda tena.

Bwana Ramzi akajifuta jasho. "Kweli, sikugawanya," alisema.

"Basi andika hivyo," Widad akamwambia.

Akaandika barua kwa makao makuu, na kina mama wote wakaitia sahihi. Baada ya wiki tatu jibu lilikuja: kituo hakifungwi, ila kila mwaka hesabu itaangaliwa upya.

"Waiangalie," alisema Widad. "Na sisi tutaiangalia."

Jumatatu, mlangoni mwa kituo, Widad alinyoosha mkono amshike mwanawe. Lamis akausukuma.

"Niache, mama! Naingia mwenyewe."

Akaingia.