Pampu ya Mwanamkasi

Jumamosi hiyo uwanja wa mnada pale Dunda ulijaa kama sikukuu, na Mwanamkasi binti Bwanausi alikuwa mwanamke pekee aliyekuja kununua kitu kisichokuwa sufuria wala godoro. Alivaa baibui jeusi, mtandio wa rangi ya embe bivu, na miguuni mabuti ya mpira ya shambani. Mbele yake lilisimama trekta dogo la Kijapani, samawati iliyopauka, kimo chake hakimpiti punda, na umri wake labda unampita yeye mwenyewe.

Dalali akataja bei. Mwanamkasi akainua mkono. Nyuma yake mkono mwingine ukainuka. Akainua tena, na ule nao ukainuka, bila haraka, kama wa mtu anayefukuza nzi. Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli limefungwa kiunoni, kofia ya viua nyeupe pee kichwani, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwikoni.

"Kaka, una shamba?"

"Sina."

"Sasa trekta la nini?"

"Silitaki trekta, dada. Naitaka injini. Naing'oa, naifunga kwenye boti ya pili kule Mlingotini. Mengine nauza chuma chakavu."

Mwanamkasi alimtazama kama mtu anayetaka kununua ng'ombe kwa ajili ya kwato. "Huoni haya? Kitu kizima hivi, ukikate kichwa?"

Watu wakacheka. Kijana akacheka kuliko wote, na alipokuwa bado anacheka dalali akagonga meza. Trekta likawa la Mwanamkasi.

"Likikugomea," alisema yule kijana, akimwandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi, "mtafute Najim."

"Halitanigomea."

Lilimgomea. Lilifika kwao Kaole juu ya gari la kubebea nazi, na majirani waliokuja kutoa hongera walilitazama, wakatoa pole. Ami yake, Mzee Mwinyimvua, hakutoa hata pole. Tangu Bwanausi afariki, yeye ndiye msimamizi wa ekari tatu zilizoachwa kwa binti huyu, na alikwisha kusema: shamba lisipolimwa kabla ya mvua za masika, atalikodisha kwa mtu wa matofali miaka mitano. Mtu wa matofali angechimba mchanga mpaka libaki shimo. Mwanamkasi alikuwa na wiki nne. Siku ya tatu akapiga simu.

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye trekta."

"Lile lisilogoma?"

"Halijagoma. Limekaa tu."

"Basi nakuja kukaa nalo," alisema Najim.

Alikuja kila siku baada ya adhuhuri, na kila siku Shangazi Dija alitandika mkeka barazani akachambua mchele uleule, macho yakiwa kwa vijana. Najim alikuwa fundi wa injini za boti na hakujua kuzungumza vingine: mbele ya trekta aliita omo, nyuma akaita tezi. Mwanamkasi alimkumbusha kwamba yupo nchi kavu. Walitoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa, wakamwaga dizeli iliyokuwa nzito kama asali. Vishikio vyote viliandikwa Kijapani, kwa hiyo walivijaribu kimoja kimoja, na Mwanamkasi akabandika plasta na kuandika kwa kalamu: mbele, nyuma, polepole, haraka. Kimoja hakikufanya lolote. Najim akaomba kalamu, akakiandika: Mwanamkasi.

"Kwa nini mimi?"

"Nakivuta tangu juzi, hakisogei."

Barazani Shangazi Dija akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Ikabaki pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini. Mwanamkasi aliisugua kwa mswaki mpaka likaonekana tone la rangi nyekundu ubavuni, lakini ilikuwa imekufa. Najim akaondoka nayo, akisema anaipeleka Dar. Baada ya siku nne alirudi na pampu, akaifunga bila maneno mengi. Mwanamkasi akawasha. Trekta likakohoa, likatema moshi mweusi, likanguruma. Kuku wakapanda bati, na Shangazi Dija akamwaga mchele wote.

Baada ya magharibi simu ikalia.

"Trekta linaendeleaje, bibi shamba?"

"Liulize lenyewe. Lipo nje."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe hajambo, baharia wangu. Kesho analima." Lile "wangu" lilimtoka kabla hajalizuia, akakata simu, akaficha uso kwenye mto.

Alipokwisha kulima nusu ya shamba, Ijumaa, alioka mkate wa kumimina akaupeleka Mlingotini. Najim alikuwa msikitini. Bandani kwake, juu ya meza ya kazi, palikuwa na pampu yenye tone jekundu ubavuni.

Kumbe. Tangu mnadani alitaka injini, na sasa anaichukua kipande kipande. Mwanamkasi akageuka na mkate wake, akaula njia nzima kwa hasira.

Najim alipopiga simu hakumpa nafasi. Alimwambia ameiona pampu yake, kwamba amefungiwa takataka ya botini, na kwamba yule aliyetaka kulikata trekta kichwa sasa ameanza na koo.

"Umemaliza?" Najim aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi maliza na shamba." Kiburi kikamzuia kusema zaidi.

Alilima siku tatu bila kuimba. Siku ya nne, imebaki mistari michache na mawingu yamefunga upande wa bahari, akaja Shuaibu, mshirika wa Najim. Alimwamkia Shangazi Dija shikamoo, kisha akamuuliza Mwanamkasi kwa adabu kama anakaribia kumaliza, maana boti yao imelala mchangani wiki mbili.

"Shamba langu na boti yenu wapi na wapi?"

"Pampu si ya boti, dada? Ya kwako inasubiri kifaa, kimeagizwa, hakijafika. Najim akafungua yetu akakupa. Sisi alituambia injini inapumzika."

Mwanamkasi akakaa palepale kwenye udongo uliotifuliwa. Kisha akainuka, akamaliza mistari yake bila kushuka kunywa maji. Mzee Mwinyimvua akaja, akazunguka shamba zima, mikono nyuma, akitafuta kipande kilichosahauliwa. Akakosa.

"Sasa mtu wa matofali nimwambie nini?"

"Mwambie tunapanda mihogo, ami."

Akajitanda mtandio wa embe, akafunga spana ndani ya kanga, akaliendesha trekta mpaka Mlingotini. Mzee mmoja wa baiskeli alimsalimia, akampita.

Najim alikuwa amekaa juu ya boti. Aliona moshi kwanza.

"Nimekuja kufungua pampu yenu," alisema Mwanamkasi, akishuka. "Nilikushuku bure. Na nilikuokea mkate, nikaula. Nisamehe yote mawili."

Najim alimtazama, matope mpaka magotini. "Ukiifungua hapa, trekta halirudi Kaole."

"Najua."

"Litakaa kwangu."

"Likikaa siku nyingi watu watasema." Akapiga magoti, akaanza na nati ya kwanza bila kugeuka. "Ami yangu hupatikana baada ya alasiri."

Najim akaruka chini, akamshikia spana.

Wiki mbili baadaye, mvua ikipiga mabati, wazee wa Mlingotini waliingia kwa Mzee Mwinyimvua na kanzu zao nyeupe. Posa huja kwa barua, na barua huja ndani ya kitambaa cheupe. Wao wakaweka vitambaa viwili. Mzee Mwinyimvua, mtu apendaye vizito, akaanza na kile kizito. Ndani mlikuwa na pampu iliyopona, tone lake jekundu ubavuni, na mafuta yakamchuruzikia mapajani.

Akaiinua, akaigeuza huku na huku.

"Nimepokea posa nyingi," alisema polepole. "Hii ndiyo barua?"

Binti anayeposwa hukaa nyuma ya pazia wala hasikiki. Lakini nyuma ya pazia lile ilitoka sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya ngurumo ya injini:

"Pokea vyote viwili, ami. Na hiyo pampu usiipindue, itaingia mchanga."