Kiti Kilichomkaba Mwanangu

"Mamaaa! Njoo! Elieshi hapumui!"

Nilikuwa namwita mama mkwe. Jamani, mwanangu wa miezi minane alikuwa ananing'inia kichwa chini, jikoni kwetu Karatu, ndani ya kiti chake cha kulia.

Miguu ya kiti ilijikunja ghafla. Kimeza kikambana kifua, mkanda ukamkaba shingoni...

Nikabonyeza kitufe cha mkanda. Wapi!

Nikimwinua, kiti kinamfuata. Nikimwachia nikatafute kisu, anakabwa. Mikono miwili haikutosha!

Mama mkwe akaingia na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe.

"Mshike kichwa! Usimwachie!"

Akakata, akakata... Ule mkanda ulikuwa wa Land Cruiser, umeshonwa gereji kwa uzi wa turubai.

Ukaachia.

Kimya.

Kisha Elieshi akalia! Sijawahi kushukuru kilio namna ile.

Mume wangu, Edgar, akaja mbio. Yeye ni stoo kipa wa loji moja hapa. Kiti alikileta yeye, akatuambia kakinunua Arusha.

Akaangalia mkanda.

"Yaani mmekata tena?"

Nikamtazama.

"Tena? Kwani mwanzo alikata nani?"

Akainama kuokota kipande cha mkanda.

"Baba Elieshi, nakuuliza."

"Mimi... Viti ni vya loji. Waliovitengeneza walitangaza vyote viondolewe, miguu inajikunja. Bosi akaniambia nikate mikanda nivitupe, mtu asije akavitumia. Nikaona mbwembwe za wazungu tu, nikavipeleka gereji vikashonewa mikanda ya gari. Kiti kipya kabisa!"

"Kwa hiyo miguu ulijua?"

"Nilijua. Nikasema mkanda ukiwa imara, mtoto hataanguka."

Na kweli hakuanguka. Ndicho kilichotaka kumuua.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliuliza tu:

"Umesema vyote. Vilikuwa vingapi?"

"Viwili, mama."

"Cha pili kiko wapi?"

Edgar akatoa simu mfukoni.

"Kwa Flaviana."

Dada yake! Yuko Rhotia, ana mtoto anayelingana na wangu. Na ilikuwa saa ya uji.

Edgar akapiga simu. Haipokelewi. Akapiga tena, mama akamnyang'anya.

"Flaviana! Mtoto yuko wapi?"

"Kwenye kiti, anakula. Kuna n..."

"Mtoe! Usiulize, mtoe!"

Tukabaki tumeizunguka simu, hatuwezi kufanya lolote. Tulisikia kitufe kikibonyezwa. Kikagoma. Kikabonyezwa tena...

"Nimemtoa. Mama? Mama, mbona unalia?"

Wapendwa, Edgar anampenda mwanawe, hilo silikatai. Tatizo alidhani anayekata kitu kizima ni mjinga au ana hela za kuchezea. Kumsamehe bado naendelea kujifunza.

Ukikuta kitu kizuri kimekatwa makusudi, usikimbilie kwa fundi. Uliza kwanza aliyekikata aliogopa nini.

Na kama kiti cha mwanao kina mkanda wa gari, mtoe kwanza. Kubishana tutabishana kwenye komenti.