Alama za Vema za Lanxin

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lanxin alimpasulia mama yake nyuzi za hariri. Uzi mmoja ulipasuliwa ukawa nyuzi kumi na sita nyembamba, ndipo ukafaa kudarizi mkia wa samaki. Zamani mama aliifanya kazi hiyo mwenyewe huku akipiga soga. Sasa vidole vya mkono wake wa kulia vilikufa ganzi, na sindano ilimponyoka.

"Mshipa wa fahamu umebanwa shingoni," Daktari Gu alikuwa amesema katika zahanati ya mji wao wa Zhenhu. "Miaka ishirini unainamia fremu ya kudarizia, shingo isilalamike? Lakini hatukimbilii kisu. Utameza dawa, utakuja kuvutwa shingo kwa mashine, utainua fremu, na kila nusu saa utasimama ufanye mazoezi."

Kisha akampa Lanxin karatasi yenye visanduku. "Binti, wewe ndiwe msimamizi. Akifanya, weka alama ya vema. Asipofanya, acha wazi."

Wiki ya kwanza mama alitii. Ya pili, fremu ikarudi chini. Wadarizi wa Zhenhu huketi kama walivyoketi mama zao, na mama aliapa kwamba fremu ikiinuliwa, samaki hutoka makengeza.

"Mama, nusu saa imekwisha. Simama."

"Nimalizie pezi hili."

"Hata jana ulisema hivyo."

"Ebo! Umekuwa mama mkwe wangu? Watu wana arusi mwezi ujao, wanawangoja samaki hawa. Weka hiyo alama, mwanangu, tupumzike sote."

Lanxin alikuwa amechoka. Alitoka shule, akapika wali, akafua, na nyuzi za kesho zilikuwa zinamngoja. Hakuwa na nguvu za kubishana, akaweka vema. Kesho yake aliweka bila hata kuuliza. Baada ya wiki sita karatasi ilijaa, ikapendeza kama daftari la mwanafunzi bora.

Waliporudi zahanati, daktari alimwambia mama amkamate vidole na kuvibana. Mama alijitahidi mpaka jasho likamtoka, lakini mkono ulikuwa umelegea. Daktari Gu aliitazama karatasi, akashusha pumzi.

"Umefanya yote, na bado unazidi kudhoofika. Basi tiba hii imeshindwa. Nakuandikia barua uende hospitali kubwa, wafikirie kukupasua."

Mama alibadilika rangi, akatazama sakafu. Lanxin aliiona kalamu ikianza kuandika. Alimhurumia mama yake, akajichukia.

"Daktari, usiandike!" alipaza sauti. "Alama hizo ni za uongo. Niliziweka mimi. Mama hajafanya mazoezi tangu wiki ya pili."

"Lanxin!" mama alishtuka. Kisha akasema polepole, "Mimi ndiye niliyemwambia."

Daktari aliiweka kalamu mezani. Hakufoka. Naye alionekana amechoka. "Kumbe nimeilaumu tiba ambayo haijafanywa! Tuanze upya. Nakupa wiki tatu. Mkono ukizidi kulegea, hospitali utakwenda."

Jioni ileile waliinua fremu juu ya matofali. Mama aligomba, akamwita Lanxin askari asiye na huruma, lakini alisimama. Siku alizokaidi, Lanxin aliacha kisanduku wazi. Wiki ya tatu mama aliweza kukamua kitambaa. Samaki walifika siku tano baada ya arusi, wala hawakuwa na makengeza.

Asubuhi moja Lanxin alimkuta mama dirishani, shingo imenyooka, akipasua uzi mwenyewe. "Unashangaa nini?" mama akauliza. "Nenda kanywe uji, utachelewa shule."

Siku hiyo baada ya shule, kule zahanati, Daktari Gu aliikagua karatasi mpya, yenye mapengo kama kinywa cha kizee.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Ile karatasi nzuri ingekupeleka kwenye kisu, dada yangu. Hii mbaya ndiyo iliyonionyesha njia. Lanxin, kumpenda mama yako si kumfichia makosa. Ni kusema kweli, hata ukiwa umechoka."