Mgonjwa wa Majaribio

Aliyemuoa mdogo wangu ni fundi wa programu, si mchawi. Anayemwita mchawi aje aniambie mimi usoni, maana siku ile nilikuwepo, tena mchana kweupe.

Ilikuwa Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa jikoni akichambua mchele, mimi napiga pasi sebuleni, shemeji yuko mezani na kompyuta yake. Alikuwa anaijengea kliniki moja ya mifupa programu ya mtandaoni, na alipenda kunieleza hata nisipoelewa.

"Dada, siku hizi hatuchongi kila kitu wenyewe. Kuna maktaba za vipande vilivyo tayari: kitufe, kalenda, jedwali. Unachukua, unapanga."

Siku hiyo alikuwa amepata kipande kipya, mchoro wa mwili wa binadamu. Daktari akigusa panapouma, panakuwa pekundu. Aliyekitengeneza hakuweka jina. Taarifa zote za mgonjwa shemeji alizihifadhi kwenye ghala moja, ili daktari akibadilisha kitu, kibadilike papo hapo mapokezi na kwenye kila simu iliyofungua programu ile.

"Mgonjwa wa majaribio nimemwandika mke wangu," akasema akicheka. "Wenzangu wote huandika wake zao."

"Hebu acha kumtakia mwenzio mabaya."

"Aa, dada naye!" Akagusa mkono wa kushoto wa mchoro.

Jikoni sinia likaanguka. Mdogo wangu akapiga ukelele nisiowahi kuusikia kwa mtu mzima.

Tulimkuta sakafuni, mfupa umechomoza juu ya kiwiko, mchele umelowa damu. "Nimevutwa," akaninong'oneza. "Dada, kuna mtu kanivuta."

Nikamfunga kwa taulo. Shemeji akakimbilia sebuleni kutafuta simu aite gari la wagonjwa. Nikamsikia akisema, "Hapana. Hapana."

Paja la mdogo wangu likalia ka! mbele ya macho yangu, kama kuni kavu.

Nikatoka mbio. Shemeji alikuwa amesimama mbali na meza, mikono juu. Kwenye kioo, paja la mchoro lilikuwa jekundu.

"Siigusi," akanong'ona. "Wallahi siigusi."

Akafuta alama zote. Jikoni kilio hakikupungua. Ubavu ukawa mwekundu. Ukelele. Ubavu wa pili. Ukelele. Akaifunga kompyuta kwa kishindo. Ukelele.

"Simu yako iko wapi?" nikamuuliza. "Programu umeifungua na humo?"

Akageukia mlango wa chumbani. "Nimempa mtoto achezee."

Binti yao wa miaka miwili tulimkuta chini ya kitanda. Alikuwa anacheka, anadonoa mchoro kwa kidole. "Mama," anasema. "Mama. Mama."

Shemeji akamvuta mguu, akaikamata simu. Mtoto akang'ang'ania.

"Taratibu!" nikasema. "Jamani, taratibu!"

Wapi! Aliipokonya kwa nguvu zake zote, na kidole gumba chake kikatua shingoni mwa mchoro.

Jikoni kukawa kimya.

Polisi walimkuta shemeji ameukumbatia mwili, ikabidi wambandue watu wawili. Simu nilishaiponda kwa pasi. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni tukiwa watoto, shingo yake ilikuwa imegeukia nyuma. Mungu anisamehe, sikuweza kumtazama.

Wanawake waliomuosha ndio walioniita. Pale paja lilipovunjika, ngozi ilikuwa imebonyea, na ndani ya kile kibonyeo kuna alama ya kidole kidogo mno, na mistari yake yote. Mbavuni vilikuwa vingi. Shingoni kulikuwa na gumba la mtu mzima.

Wapelelezi walipopima, gumba lilikuwa la shemeji. Hakukataa. Alisema, "Ni mimi," na sasa amefungwa maisha.

Siku ileile ya kupima wapelelezi wakanigeukia na mimi, wakaniuliza vile vidole vidogo ni vya nani. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Nikavifumbata viganja vyake ndani ya vyangu, nikawaambia sijui.