Ng'ombe Mwenye Mshale Mgongoni

Kila Jumamosi asubuhi, mwaka huo wa 1997, wanafunzi wa darasa la saba katika shule moja karibu na Makutano, mjini Meru, walipiga foleni mbele ya kompyuta moja. Watu thelathini na wanane, kipanya kimoja! Dakika zako tano zikiisha, unampisha mwenzako, upende usipende.

Siku hiyo walikuwa wakichora jalada la kadi ya Siku ya Wazazi. Nkirote alikuwa amejigamba nyumbani kwamba jina lake ndilo litakalochapishwa. "Mama, wewe njoo tu ujionee!" Lakini masikini, kila alipochora ng'ombe, kilitokea kiti chenye masikio.

Mwenzake Bundi, aliyemtangulia kwenye foleni, alichora ng'ombe wa kupendeza mwenye kengele shingoni, akaihifadhi picha, kisha akakimbilia uji. Ng'ombe akabaki kwenye skrini. Nkirote akakumbuka ile programu ndogo ya kunasa skrini waliyoonyeshwa na Mwalimu Gladwell: unabonyeza kitufe kimoja, na chochote kinachoonekana kinageuka picha. Akabonyeza, akamweka yule ng'ombe kando ya nyumba aliyoichora yeye, akaihifadhi kwa jina lake.

Adhuhuri printa ilipomaliza kelele zake, Mwalimu Gladwell alipekua karatasi, akasita, akaziweka mbili bega kwa bega.

"Ajabu! Ng'ombe pacha. Ila huyu wa Nkirote ana kitu mgongoni. Ni nini hiki?"

Nkirote akachungulia. Lo! Mshale wa kipanya ulikuwa umenaswa pamoja na ng'ombe.

"Ni... ni yule ndege, yangeyange, mwalimu. Anakula kupe."

"Yangeyange gani hana miguu?" Misheck wa dawati la nyuma akadakia, na darasa zima likaangua kicheko.

Bundi peke yake hakucheka. "Mwalimu, hiyo kengele ni ya ng'ombe wa nyanya yangu," alisema.

Nkirote aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. "Si yangeyange," akasema. "Nilimnasa ng'ombe wa Bundi alipoenda kunywa uji. Nisamehe, Bundi."

"Si hata ungeniachia kwato moja!" Bundi akasema, na sasa akacheka kama wengine.

"Njia ya mwongo ni fupi," Mwalimu Gladwell akasema. "Haya, nani mwingine anaweza kuitumia programu hiyo?" Hakuna aliyeinua mkono. "Basi Nkirote, utatunasia kila hatua ya kuchora, tuchapishe, ili anayengoja zamu ajifunze kwenye karatasi."

Wiki nzima, baada ya masomo, Nkirote alinasa, safari hii akisogeza mshale pembeni kwanza. Siku ya Wazazi, kadi zilikuwa na ng'ombe wa Bundi. Ukutani zilibandikwa karatasi kumi na mbili za mafunzo, zenye jina la Nkirote chini.

"Na ng'ombe wako yuko wapi?" mama yake akauliza. Nkirote akamweleza yote, bila kuficha.

Mwalimu Gladwell alikuwa akisikiliza. "Ujuzi wako haukuwa na kosa, Nkirote. Kosa lilikuwa kuchukua jasho la mwenzako. Jina likiwa chini ya kazi yako mwenyewe, unaweza kulisoma mbele ya yeyote. Hebu msomee mama."

Nkirote akalisoma kwa sauti kubwa, hadi wazazi wa mlangoni wakageuka.