Mnyororo Usiopumua

Namba ya mnyororo wa saba ilikataa kutikisika, na hapo ndipo Bi Mizani alipoanza kukosa raha.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini. Kutwa alikaa kwenye chumba cha ghorofani, ofisi za kampuni bandarini, akitazama skrini iliyoonyesha mzigo unaobebwa na kila mnyororo wa meli-ghala. Meli hiyo ilikuwa mbali baharini na haikuwa na safari. Kazi yake ni kupokea mafuta yanayotoka chini ya bahari na kuyatunza mpaka meli nyingine zije kuyachukua. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wa kazi hii huongezea: na vimefungwa. Minyororo tisa, kila pete yake nzito kuliko mtu mwenye kitambi, ilishuka kutoka kwenye meli mpaka kwenye nanga zilizojichimbia tope la chini kabisa.

Sasa, mnyororo mzima hupumua. Wimbi likiinua meli, mkazo unapanda, likipita, unashuka. Minane ilifanya hivyo usiku na mchana. Wa saba ulikaa pale pale, bahari ichafuke au itulie, kama vile kuna mtu huko chini ameushika kwa mikono miwili na hataki mchezo.

"Kipimo kimekufa hicho," alisema Bwana Soga, mtani wake wa meza ya pili. "Hata mimi ningekuwa kipimo cha kampuni hii ningejifia mapema."

Kipimo kikakaguliwa, kikaonekana kizima.

Jioni Bi Mizani akamwuliza mumewe, maana mumewe ndiye aliyekuwa msimamizi wa nanga, na mnyororo wa saba ndio uliompandisha cheo. Kisa hicho kila mtu bandarini alikijua. Mahali pa nanga ya saba palikuwa na tope laini kama uji. Waliishusha nanga, wakaivuta kwa majaribio, ikateleza. Wakarudia, ikateleza tena. Wakubwa walikuwa wameshaanza kumtafuta mtu mwingine wa kushika nafasi yake. Basi siku ya jaribio la mwisho akawatoa watu wote sitahani, akabaki peke yake penye mdomo wa mnyororo, pale unaposhukia baharini, na nanga ikashika. Toka siku hiyo haijasogea hata kidogo.

"Mnyororo wako wa saba haupumui," Bi Mizani alimwambia akimpakulia chakula.

Mumewe aliacha kutafuna. "Nanga ikishika, mama, unashukuru. Huulizi imeshika nini."

"Mimi nimeuliza mnyororo, sijauliza nanga."

"Basi usiulize kitu." Kisha akacheka, ila kicheko chenyewe kilichelewa kufika. Bi Mizani akajisemea kwamba mwanamume amechoka. Mke ampendaye mumewe hakosi dawa hiyo. Kila kasoro anaipaka uchovu, na maisha yanaendelea.

Halafu nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya tope lisiloliona jua, ile inayopanda na nanga inapong'olewa, na Bi Mizani aliijua kwa sababu zamani mumewe alikuwa akirudi nayo kwenye ovaroli. Lakini siku hizi ovaroli zilifuliwa huko huko kazini. Harufu ilitoka chumbani kwa binti yao, mtoto wa shule ya msingi waliyemwita Kidosho. Alisugua sakafu, akaanika godoro, akafungua madirisha, nayo ikakaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. Baadaye ikafuata sauti chini ya vigae, ya chuma kizito kinachoburuzwa taratibu: pete moja, kimya, pete nyingine, kimya. Nyumba hiyo haikuwa na chochote chini yake isipokuwa mchanga na mawe ya msingi.

Na Kidosho akaanza kuinama. Akila anainama ubavu, akiandika anainama, akisimama anaegemea hewa. Ukimgeuza aangalie upande wa pili, mwili nao unageuza mwinamo, na siku zote ni kuelekea baharini. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na hakupungukiwa maneno, alisema mtoto huyu anakaa kama picha iliyopinda ukutani. Alimnyoosha kwa mikono miwili. Mtoto akapinda tena.

"Kidosho, unaumwa wapi mwanangu?" Bi Mizani alimwuliza wakiwa wawili bafuni.

"Siumwi, mama. Kuna mtu ananivuta."

"Mtu gani?"

"Wa chini." Mtoto alinong'ona, macho yake yakiwa kwenye tundu la maji. "Havuti kwa nguvu. Anasema akivuta kwa nguvu nitakatika. Usimwambie baba kama nimekwambia."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Anajua."

Bi Mizani alimfuta maji mtoto wake. Usiku huo mumewe alikuwa zamu melini, na yeye alilala na Kidosho kitanda kimoja, amemkumbatia kiunoni, akahisi mvuto ule kwa mwili wake mwenyewe, mpole, wa subira, usiokoma.

Tufani ilikuja mchana kweupe. Anga ya baharini ilijaa weusi, namba za ile minyororo minane kwenye skrini zikaanza kurukaruka, na ya saba, kwa mara ya kwanza, ikaanza kupanda, bila kushuka hata mara moja, ikipanda tu. Simu yake ikalia.

"Njoo," mama mkwe alisema. Hakulia wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Bi Mizani zaidi. "Njoo sasa hivi. Mtoto anaburutwa."

Alishuka ngazi bila viatu, akachukua pikipiki ya kwanza iliyosimama, na alipofungua mlango wa nyumba alimkuta mama mkwe amekaa sakafuni amefunga miguu yake kwenye nguzo ya mlango, amemkumbatia mjukuu wake kifuani, na Kidosho yuko hewani, hajagusa chini, nywele zake na gauni lake na mkono wake mmoja vyote vimenyooka kuelekea ukuta wa upande wa bahari, kama vile ukuta ndio sakafu na yeye anauangukia, na kutoka ndani ya ukuta ule inasikika minyororo ikikaza, ikilia kama mlango wa chuma, na maji meusi yanachuruzika kwenye rangi nyeupe na kuleta ile harufu, na mtoto halii, anatabasamu tu kwa adabu kama aliyeambiwa atulie achomwe sindano. Bi Mizani alimshika miguu, wakavutana na kitu wasichokiona mpaka upepo ulipopungua huko baharini, na mtoto akawaangukia mapajani mzima mzima.

Mama mkwe hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwita Kengele.

Kengele alikuwa mzamiaji wa kampuni ile ile kabla ya kustaafu. Miaka mingi alishushwa chini ya bahari ndani ya kengele ya chuma, kile chumba cha kuzamia, akarudi na sikio moja bovu na elimu ambayo haifundishwi chuoni, na sasa alikuwa akiwatibu watu waliopandwa na majini. Aliingia kabla ya magharibi, mume naye akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka melini, bado na kofia ya kazi mkononi.

Mganga alinusa ukuta, akamkalisha mtoto mkekani, akafukiza. "Wewe uliyemshika huyu, sema," alipaza sauti, wakati wenyeji wote walikuwa wakinong'ona. "Na sema kwa nguvu, sikio langu la kushoto nililiacha huko kwenu."

Kidosho akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na haikuwa na haraka.

"Mimi si mwizi. Nimepewa."

"Nani kakupa?"

"Chuma chao kilinitulia mlangoni. Nikakisukuma. Kikarudi, nikakisukuma. Mara ya mwisho mwenye chuma akaweka mkono kwenye mnyororo akaniomba nikishike. Nikamwambia mimi si tope, sishiki bure. Nipe kinachokushika wewe duniani, nami nitakushikia meli yako. Akanipa. Nikamwambia hiyo haitoshi, lazima anayetolewa mwenyewe aitike. Akamwita. Akaitika."

Bi Mizani akaikumbuka siku ile. Mumewe alipiga simu kutoka sitahani, mchana, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho, akasema amemkumbuka binti yake, mpe simu kidogo. Na yeye, kwa furaha ya kuolewa na baba mwenye mapenzi, alikimbia uani na simu, akamwekea mtoto sikioni kwa mkono wake. Kidosho aliitwa mara moja. Akajibu, "Abee, baba." Simu ikakatika.

"Baba Kidosho," Bi Mizani alisema taratibu. "Ni uongo. Sema ni uongo, nami nitakuamini."

Mumewe aliikunja kofia. "Nilidhani ni mawazo yangu. Sikulala siku kadhaa. Walikuwa wananifukuza, mke wangu, wananifukuza mbele ya watu wote."

"Ukamtoa mtoto?"

"Nilidhani ni mawazo yangu!"

Mama mkwe alimtazama mwanawe wa kumzaa kama anayemtazama mtu aliyeingia bila kupiga hodi. Bi Mizani alitaka kulia, machozi yakagoma. Kilichomuuma kuliko yote ni kwamba alitumiwa. Mwenzake alihitaji mkono wa kumpeleka mtoto, akauazima wake, na jioni ile akarudi nyumbani, akala alichomwandalia, akamsifu kwa mapishi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini huyu alikuwa ndani zaidi ya nguo.

"Sikilizeni," alisema Kengele. "Tufani kubwa ya kwanza itakayokuja, jini huyu ataondoka na mtoto. Hawezi kunyang'anywa alichopewa. Aliyetoa arudishe kauli yake kwa ulimi wake, mnyororo ulegee, na meli ishikwe na boti za kuvuta mpaka nanga nyingine iwekwe. Cheo kitakwenda. Si cheo tu?"

Mume alipiga magoti mkekani. Akaweka mdomo kwenye sikio la binti yake na kunong'ona, tena kwa muda mrefu. Mganga alikuwa amegeuza kwake lile sikio bovu, na Bi Mizani alikuwa akimtazama mtoto tu. Maji ukutani yakakauka. Harufu ikatoka kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kidosho akakaa wima, akapiga miayo, akasema ana njaa, na hapo ndipo bibi yake alipoangua kilio.

Mume aliondoka kabla hapajapambazuka, akasema anawahi melini kupanga boti za kuvuta. Bi Mizani alifunga mlango nyuma yake. Alikuwa ameshaamua kwamba akirudi atakuta nguo zake nje.

Asubuhi alimwacha Kidosho akinywa chai, amenyooka kama mstari, akaenda kazini kuona kwa macho yake. Akawasha skrini. Mnyororo wa saba ulikuwa unapumua. Ulipanda, ukashuka, legevu kama mnyororo wowote uliokosa nanga ya kuaminika, na yeye akaweka kichwa mezani akalia machozi yaliyomgomea jana yote. Bwana Soga alimwona, akajifanya hakuona, akaenda kuleta chai.

Simu ya ofisi ikalia, ile ya mezani, inayotoka melini. Akafuta uso, akainua kama alivyoinua maelfu ya mara.

"Chumba cha skrini."

Nyuma ya mpigaji upepo ulivuma sitahani. Kisha ikaja sauti ya mumewe, laini, ile ya siku za uchumba.

"Mke wangu?"

"Abee."

Lilitoka lenyewe. Miaka yote ya ndoa lilikuwa likitoka lenyewe.

"Nisamehe," alisema mumewe. "Kuna watu wengi sana juu ya meli hii." Na simu ikakatika.

Kwenye skrini namba ya saba ilipanda kidogo, ikasimama. Haikushuka tena. Bi Mizani aliona meza ikimwacha, polepole, halafu akatambua kwamba meza iko pale pale na kiti chake cha magurudumu ndicho kinachotembea, kinarudi nyuma kuelekea dirisha la upande wa bahari bila haraka na bila kelele, na miguu yake imeinuka sakafuni, haipati pa kukanyaga. Mgongo wake ukagota kwenye kioo. Akakamata fremu kwa mikono miwili na kioo kikaanza kulia.

Bwana Soga akaingia na vikombe viwili. Aliangalia skrini kwanza. "Afadhali, wa saba umetulia," akasema. Kisha akamwona. "Na wewe bibie, mbona leo umehamia dirishani?"

"Nishike," alisema Bi Mizani.

Bwana Soga alidhani ni utani, akaenda kwanza kuweka vikombe mezani.